Kuuliza Kabla ya Kupasua

Mwaka 1974 madaktari Reginald na Catherine Hamlin walifungua jijini Addis Ababa hospitali ya fistula, yaani tundu linalobaki baada ya uzazi mgumu na kuvujisha mkojo au kinyesi. Tangu hapo maradhi hayo yamepata watetezi wengi. Jijini Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ilifikia hatua ya kutuma nauli kwa M-Pesa ili mgonjwa wa kijijini asikose matibabu kwa kukosa pesa ya basi. Bukavu, nchini Kongo, fistula hutibiwa katika Hospitali ya Panzi, iliyoasisiwa na Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018.

Kushuka kwa kizazi na kushindwa kuzuia mkojo hakujapata bahati hiyo, ingawa wanaosumbuliwa ni wengi zaidi. Wengi wao wamezaa mara nyingi, wamebeba mizigo mizito, au umri umesogea. Mama husema nyama inatokeza ukeni, au mkojo unamponyoka akikohoa. Hayo huyasema akiulizwa tu. Asipoulizwa, ataeleza maumivu ya kiuno, atapewa vidonge na kurudi nyumbani.

Ndiyo maana haifai mafunzo kuhusu matatizo haya kuachiwa madaktari bingwa; yaanzie kwa mwanafunzi wa udaktari. Nchini Tanzania shahada ya udaktari huchukua miaka 5, hufuatwa na mwaka wa utarajali, kisha daktari huyo anaweza kupangiwa hospitali ya wilaya isiyo na bingwa wa magonjwa ya wanawake. Hapo hatarajiwi kurekebisha kizazi kwa upasuaji. Anatarajiwa ajue kuuliza bila kumwaibisha mama, ampime akiwa amejikaza au anakohoa, atofautishe maambukizi ya njia ya mkojo na udhaifu wa misuli, amfundishe mazoezi ya misuli ya nyonga ambayo daktari Arnold Kegel aliyaeleza mwaka 1948, na amwekee pesari, kifaa chenye umbo la pete kinachoshikilia kizazi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji chumba cha upasuaji.

Upasuaji nao una hadhari zake. Aprili 2019 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliamuru kampuni ziache kuuza nyavu za kupandikizwa kupitia ukeni kwa ajili ya kizazi na viungo jirani vilivyoshuka, kwa kuwa usalama na manufaa yake havikuthibitishwa vya kutosha. Mwanafunzi aliyeonyeshwa kisu peke yake atamshauri vipi mama anayeuliza kama kuna njia nyingine?

Wapo watakaosema mtaala umejaa. Ni kweli, lakini hapa halitakiwi somo jipya; inatosha zamu ya wodi ya wanawake itumike vizuri zaidi. Swali gumu ni mwanafunzi ajifunzie kwa nani. Kwa miaka mingi, kwingineko duniani, wanafunzi walipima nyonga za wanawake waliolazwa kwa nusukaputi bila kuwaomba ridhaa. Marekani ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kudai ridhaa hiyo mwaka 2024 tu, kuchelewa kunakoshangaza. Chuo Kikuu cha Iowa kilikwisha kuonyesha njia nyingine katika miaka ya 1970, pale Robert Kretzschmar alipowatumia wanawake waliofunzwa, ambao humwongoza mwanafunzi na kumwambia anapoumiza.

Vyuo vyetu vinaweza kuanzia kwenye mtihani wa vitendo: kituo kimoja ambapo mtahiniwa anamhoji mama kuhusu mkojo, anaomba ridhaa ya kumpima, kisha anachagua pesari ya kipimo sahihi kwenye mwanasesere.