Ionosfia: anga moja, matabaka kadhaa

Ionosfia ni sehemu ya angahewa inayoanzia kama kilomita 60 kutoka ardhini na kufikia 1,000 hivi. Humo, mionzi ya jua ya urujuanimno na eksirei hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli za hewa, zikabaki ioni. Elektroni hizo huru ndizo zinazopinda mawimbi mafupi ya redio na kuyarudisha duniani. Jina lenyewe lilipendekezwa na Mskoti Robert Watson-Watt mwaka 1926.

Tafsiri ya "tabaka la ioni" huja upesi mdomoni, lakini inapotosha, kwa sababu ionosfia ina matabaka kadhaa, nayo hayafanani tabia. Tofauti hiyo hudhihirika wakati wa machweo katika latitudo za kati, kwa mfano Slough, Uingereza, nyuzi 51.5 Kaskazini, ambako ionosfia ilipimwa tangu miaka ya 1930.

Tabaka D, la kilomita 60 hadi 90, ndilo la kwanza kuondoka. Hewa yake ni nzito, hivyo jua likitua elektroni hunaswa haraka. Mchana tabaka hili hunyonya mawimbi ya kati. Likishatoweka, stesheni za mbali huanza kusikika. Tabaka E, karibu kilomita 110, hudhoofika sana lakini halimaliziki.

Tabaka F hudumu usiku kucha, japo hupungua. Mchana hugawanyika kuwa F1 na F2, kisha usiku huwa moja. Hudumu hivyo kwa sababu tatu. Kwanza, jua huchelewa kulitupa mkono: kwa aliye kilomita 300 juu, halizami mpaka lishuke nyuzi 17 hivi chini ya upeo wa macho wa ardhini. Katikati ya Juni, usiku wa manane, jua la Slough hushuka nyuzi 15 tu. Pili, hewa ya huko ni nyembamba, na ioni za atomi za oksijeni haziungani na elektroni kwa urahisi mpaka zibadilishane chaji na molekuli. Tatu, usiku upepo wa juu huvuma kuelekea ikweta na, kwa kuwa mistari ya sumaku ya dunia imeinama katika latitudo hizo, huzisukuma ioni kupanda mahali ambapo hupotea polepole.

Kwetu karibu na ikweta ya sumaku mambo ni mengine: mistari hiyo imelala, na baada ya machweo ni nguvu za umeme zinazoliinua tabaka F. Kanuni za Slough zisihamishiwe Nairobi bila kupimwa.

Basi waandishi wa vitabu vya sayansi tuandike "ionosfia", tukiifafanua kuwa anga ya ioni, na neno "tabaka" tuliachie D, E na F. Mwanafunzi akisoma hivyo ataelewa kwa nini redio ya usiku si redio ya mchana.