Sauti ya mashine: Kufufua, kuiga na kughushi si mamoja

Tangu akili unde iingie studio, vyombo vingi vya habari vimezoea kitenzi kimoja: kufufua. Eti sauti ya marehemu fulani imefufuliwa. Ya aliyepoteza uwezo wa kuimba, nayo imefufuliwa. Hebu tutazame historia ya miaka hii michache. Kitenzi hicho kimebebeshwa mizigo isiyofanana.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, John Lennon wa The Beatles alijirekodi kwenye kaseti nyumbani kwake New York, akiimba na kupiga piano. Aliuawa 1980. Wenzake walipojaribu kuukamilisha wimbo huo katika miaka ya 1990, piano ilikuwa imeifunika sauti, wakauweka kando. Baadaye programu ya kompyuta iliweza kuitenga sauti na piano, na Novemba 2023 "Now and Then" ukatoka. Hapa hakuna sauti iliyoundwa. Aliyeimba ni Lennon. Mashine ilichuja tu, kama mtu anayepeta mchele aondoe chuya.

Mzigo wa pili ni wa Randy Travis, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani. Kiharusi cha 2013 kilimnyang'anya uwezo wa kuimba. Mei 2024 alitoa "Where That Came From". Mwimbaji mwingine aliimba, kisha sauti yake ikageuzwa kuwa ya Travis kwa mfumo uliofunzwa rekodi zake za zamani. Travis mwenyewe yu hai, na aliridhia. Huko ni kuiga kwa idhini.

Aprili 2023, mtu aliyejiita Ghostwriter alisambaza "Heart on My Sleeve" wenye sauti za Drake na The Weeknd. Wawili hao hawakuimba hata neno. Kampuni ya Universal ikadai wimbo uondolewe. Basi huko ni kughushi, kitenzi kilekile tunachotumia kwa saini na vyeti bandia.

Huu si ubishi wa wanaisimu. Kufufua ni neno la heri, na anayelitumia haulizwi ruhusa aliipata wapi. Kuiga na kughushi hutulazimisha kuuliza. Jimbo la Tennessee lilipopitisha sheria ya kulinda sauti ya mtu, Machi 2024, msingi wake ulikuwa ruhusa hiyohiyo.

Swali hili litatufikia hata sisi. Sauti ya Siti binti Saad ilinaswa kwenye santuri mjini Bombay 1928. Yeye alifariki 1950. Kuziondolea santuri hizo mikwaruzo ni kuchuja, na ni jambo jema. Kumpachikia taarabu mpya ambayo hakuiimba ni jambo jingine kabisa, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa. Likitendeka, mhariri atakayeandika kwamba Siti amefufuliwa atakuwa ameshatoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa.