Kiangazi Ariwara: samaki wa bwawa anakufa alfajiri, si saa ya jua kali

Tangu mwezi wa kumi na mbili mpaka kuingia mwezi wa tatu, mvua inakuwa haba Ariwara na katika sehemu kubwa ya teritware ya Aru. Vijito vinapungua, maji ya mabwawa ya samaki, yale wengi wanaita etangi, yanashuka na kupata moto. Ni miezi ambayo mfugaji anaweza kuamka na kukuta samaki wake wanaelea, tumbo juu. Kazi ya miezi sita inapotea usiku mmoja, na mara nyingi minerval ya watoto inaenda pamoja nayo.

Wengi wanasema jua ndilo limewaua. Lakini ngege, yaani tilapia, ni samaki wa joto. Aina inayofugwa zaidi inatoka katika maji ya Nili, na Ziwa Albert ni moja ya makao yake ya asili. Anakula na kukomaa vizuri maji yakiwa kati ya digri 25 na 30. Ili joto peke yake limuue, maji yanapaswa kukaribia digri 40, na bwawa lenye kina huku kwetu si rahisi lifike hapo. Kinachoua ni kukosa pumzi.

Pumzi ndani ya maji

Samaki anavuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Kadiri maji yanavyopata moto, ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Lita moja ya maji ya digri 20 inaweza kubeba kama miligramu 9. Ikifika digri 30 inabeba kama 7 na nusu. Na huku kwetu juu ya milima inapungua tena kidogo. Wakati huohuo, samaki akiwa katika maji ya moto anahitaji pumzi zaidi.

Halafu kuna ule ukijani wa maji. Mchana, jua likiwaka, ile mimea midogo inatengeneza oksijeni. Usiku inaacha kutengeneza, nayo inavuta ileile pamoja na samaki, na mbolea inayooza chini inavuta pia. Ndiyo sababu oksijeni inakuwa kidogo kabisa alfajiri, kabla jua halijatoka. Bwawa linaweza kuonekana zuri saa tisa ya mchana, na saa kumi na moja ya alfajiri samaki wakafa.

Namna ya kujua

Wakati wa kiangazi, mfugaji apite bwawani alfajiri. Kama samaki wako juu, midomo wazi, wanatafuta hewa, apige makofi au akanyage ukingo kwa nguvu. Wakishuka haraka na kubaki chini, hatari bado si kubwa. Wakirudi juu mara moja, au wasiposhuka kabisa, pumzi imekwisha na kazi ni ya saa ileile.

Kipimo kingine hakiombi makuta. Ingiza mkono ndani ya maji, vidole vimenyooka. Kama kiganja kinapotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, na maji ni ya kijani, ukijani umezidi. Acha kutia mbolea.

Kambale asidanganye mtu. Yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo anaweza kuwa mzima katika bwawa ambalo ngege wote wamekufa.

Kazi ya kufanya mapema

Kwanza, kina. Sehemu ya chini ya bwawa ibaki na maji ya mita moja au zaidi. Tope la chini litolewe na kingo zinazovuja zizibwe kabla kijito hakijapungua.

Pili, idadi. Katika bwawa la are moja, kipimo cha kawaida cha mfugaji mdogo ni ngege kama 200, wawili kwa kila mita ya mraba. Lakini ngege anazaa sana. Kabla maji hayajashuka, afadhali kuvua sehemu na kuuza sokoni kuliko kuwaacha wote wagombee pumzi.

Tatu, chakula na mbolea. Siku za joto kali, punguza mavi ya ng'ombe na ya mbuzi. Pumba, mchwa na majani vitolewe kidogokidogo, jua likiwa limeshapanda na samaki wameshuka. Chakula kilichobaki kinaoza na kula pumzi ya usiku.

Nne, kivuli. Makuti ya mawese juu ya miti yanaweza kufunika kona moja ya bwawa. Usifunike lote, maana ukijani unahitaji jua ili utoe oksijeni.

Ikiwa samaki tayari wako juu

Usiwape chakula. Ingiza maji mapya, lakini yaanguke kutoka juu, kwenye mawe au kupitia beseni lililotobolewa, ili yabebe hewa. Hii ni lazima zaidi kwa maji ya kisima, ambayo mara nyingi hayana oksijeni nyingi. Kama maji mapya hayapo, watu wachote ya juu ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, mpaka jua lipande. Wasiingie ndani na kuvuruga tope.

Mvua za kwanza

Mvua kubwa ya kwanza nayo ni hatari, kwa sababu inaweza kuchanganya maji ya juu na yale ya chini yasiyo na pumzi. Jirani zetu wa Uganda waliona jambo kama hilo mwanzoni mwa 2021: samaki wengi, hasa sangara wakubwa, walikufa katika Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga. Watu waliogopa sumu. Wakuu wa uvuvi wa huko walieleza kwamba dhoruba zilivuruga maji na oksijeni ikapungua. Ikiwa ziwa linaweza kufanya hivyo, etangi ya are moja inaweza pia. Asubuhi baada ya mvua hiyo, pita bwawani mapema.

Samaki wa bokali

Wanaofuga samaki wa mapambo dukani au nyumbani, sheria ni ileile. Bokali isikae kwenye jua la dirisha. Punguza chakula, badilisha robo ya maji, na uyamwage polepole kutoka juu. Usitie barafu: kubadilika kwa ghafula kunaumiza samaki.

Waliokufa

Watolewe wote haraka na kuzikwa mbali na maji. Samaki aliyekutwa anaelea, macho meupe na mashavu ya kijivu, asiuzwe wala kuliwa, hata akikaushwa kwa moshi. Wakifa wengi wakati maji si ya moto na hawakuonekana kutafuta hewa, sababu inaweza kuwa ugonjwa au sumu. Agronomu wa sheferi aitwe kabla bwawa halijajazwa tena.