Fahamu protini zinazozuia damu kuganda mishipani na namna malaria kali inavyozivuruga

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mkulima wa Haneti, Wilaya ya Chamwino, anayejikata kwa jembe wakati wa palizi ya mtama huona damu ikitoka, ikipungua na hatimaye kukoma baada ya dakika chache. Damu hiyo hiyo huzunguka mwilini mwake usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, bila kuganda. Mambo haya mawili hutegemeana. Mwili unao uwezo wa kugandisha damu haraka palipo na jeraha, na unazo protini maalumu zinazozuia uwezo huo usivuke mipaka yake.

Makala haya yanaeleza kazi ya protini hizo, namna zinavyozituliza chembe sahani katika damu inayotiririka, na sababu inayofanya malaria kuwa tishio pale inapoudhoofisha ulinzi huo. Maelezo haya yanawahusu pia wakazi wa nyanda za kati, ambako maambukizi ya malaria ni machache kuliko katika mikoa mingi ya nchi.

Chembe sahani na mkondo wa damu

Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli vinavyotokana na uboho wa mifupa. Mtu mwenye afya huwa na chembe hizo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita moja ya damu, na kila moja huishi kwa takriban siku 7 hadi 10.

Damu inapotiririka, chembe nyekundu, ambazo ni kubwa na nyingi zaidi, hukaa katikati ya mshipa na kuzisukuma chembe sahani pembezoni, karibu na ukuta. Kwa mpangilio huo, chembe sahani huwa jirani na mahali ambapo jeraha linaweza kutokea. Ukuta ukipasuka, protini ndefu iitwayo von Willebrand hunasa kwenye jeraha. Nguvu ya mkondo huivuta ikanyooka mithili ya kamba, nayo huzikamata chembe sahani zinazopita.

Chembe zilizokamatwa hubadilika umbo, hutoa kemikali za kuziita nyingine, na uso wake huwa jukwaa la kutengenezea trombini. Trombini hugeuza fibrinojeni iliyomo katika damu kuwa nyuzi za fibrini zinazoshikilia bonge la damu. Vilevile, ni miongoni mwa vichocheo vyenye nguvu kubwa kabisa vya kuziamsha chembe sahani. Hivyo trombini huziamsha chembe, nazo chembe husaidia kuzalisha trombini zaidi. Mzunguko huo ukiachwa bila kizuizi, jeraha dogo la kidole lingeweza kuziba mshipa mzima.

Walinzi watatu wa mtiririko

Mwili huudhibiti mzunguko huo kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni antitrombini, protini inayosafiri katika damu na kuidhoofisha trombini inayotoka nje ya eneo la jeraha. Utendaji wake huongezeka sana inaposhikana na aina fulani ya sukari zilizo kwenye utando wa ndani wa mshipa. Dawa ya heparini, inayotumika hospitalini kuzuia damu kuganda, hufanya kazi kwa kuiongezea antitrombini kasi.

Njia ya pili ni protini inayozuia hatua ya mwanzo kabisa ya kuganda, ile inayoanza damu inapokutana na tishu zilizo nje ya mshipa. Sehemu ya protini hii huhifadhiwa ndani ya chembe sahani zenyewe, hivyo chembe inayochochea kuganda hubeba pia kizuizi chake.

Njia ya tatu ni ya protini C. Kwenye ukuta wa mshipa kuna protini iitwayo trombomodulini. Trombini ikinaswa nayo, hupoteza uwezo wa kugandisha damu na badala yake huiamsha protini C, ambayo hushikiliwa karibu na kipokezi chake maalumu. Protini C iliyoamshwa, ikisaidiwa na protini S, huvunja visaidizi viwili muhimu vya uzalishaji wa trombini. Trombini ikipungua, chembe sahani zinazopita hubaki zimetulia.

Mkondo wa damu nao una sehemu yake. Husomba vichocheo vya kuganda visilundikane mahali pamoja na kuvipeleka kwenye mishipa midogo, ambako damu hugusana kwa karibu zaidi na ukuta wenye trombomodulini. Ndiyo maana kukaa bila kutembea kwa muda mrefu, hasa baada ya upasuaji, huongeza hatari ya damu kuganda katika vena za miguu. Wajawazito nao wamo katika hatari hiyo kwa sababu, pamoja na mabadiliko mengine, kiwango cha protini S hushuka wakati wa ujauzito. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, mhusika anapaswa kuwahi kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Malaria inapokalia kiti cha protini C

Mishipa midogo ya ubongo ina trombomodulini na vipokezi vya protini C vichache kuliko mishipa ya viungo vingi vingine. Ulinzi wake ni mwembamba tangu mwanzo, na hapo ndipo malaria kali hupata upenyo.

Kimelea cha Plasmodium falciparum huingia katika chembe nyekundu na kuweka juu yake protini ya kunatia, inayoifanya chembe hiyo ijishikize kwenye ukuta wa mshipa. Mwaka 2012, utafiti uliohusisha watoto wa Tanzania na kuwashirikisha wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, ulionesha kuwa aina fulani za protini hiyo ya kunatia huambatana na malaria kali. Mwaka 2013, utafiti uliofuata, uliochapishwa katika jarida la Nature, ulionesha kuwa aina hizo hujishikiza kwenye kipokezi cha protini C.

Mwaka huo huo, watafiti waliofanya kazi Blantyre, Malawi, walieleza kuwa vipokezi hivyo na trombomodulini hupungua katika mishipa ya ubongo ya watoto waliofariki kwa malaria ya ubongo.

Kipokezi kikikaliwa na kimelea au kikitoweka, protini C haiamshwi ipasavyo. Trombini huendelea kuzalishwa, chembe sahani huamka na kunata, na baadhi yake huwa kiungo kati ya chembe nyekundu zenye vimelea na ukuta wa mshipa. Mkondo hupungua kasi. Chembe sahani zinapotumika kwa wingi namna hiyo, idadi yake katika damu hushuka, jambo ambalo madaktari hulikuta mara nyingi kwa wagonjwa wa malaria. Huu si mwendo pekee unaosababisha malaria ya ubongo, lakini unaonesha namna ugonjwa ulioanza kama homa unavyoweza kumfikisha mtoto katika kupoteza fahamu ndani ya muda mfupi.

Tiba ni kuua vimelea

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mgonjwa wa malaria kali asipewe dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa hizo huweza kusababisha kutokwa damu, hata ndani ya ubongo, na heparini haipendekezwi kwa malaria kali. Protini C iliyoamshwa iliwahi kuidhinishwa kuwa dawa ya maambukizi makali ya damu mwaka 2001, lakini iliondolewa sokoni mwaka 2011 baada ya kubainika kwamba haikuokoa maisha kama ilivyotarajiwa.

Kinachorejesha ulinzi wa mishipa ni kuondoa vimelea mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika ikiwemo Tanzania, ulionesha kuwa sindano ya artesuneti ilipunguza vifo vya malaria kali kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini.

Wananchi wa nyanda za kati wazingatie nini

Uchache wa malaria mkoani Dodoma ni mafanikio, lakini una upande wa pili. Mtu asiyepata maambukizi mara kwa mara hajengi kinga dhidi yake. Mtoto wa Haneti anayesafiri na wazazi kwenda mkoa wenye malaria nyingi, kisha akarudi na homa, anaweza kuugua vikali. Kila homa ipimwe, na mhudumu wa afya aelezwe kuhusu safari hiyo.

Dalili za hatari ni degedege, kupoteza fahamu, ulegevu uliokithiri, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida na mkojo mweusi. Degedege linaloambatana na homa ni dharura ya kitabibu. Mtoto apelekwe kituo cha afya kwanza, kabla ya ushauri mwingine wowote. Mwenye umri chini ya miaka sita anaweza kupewa artesuneti kwa njia ya haja kubwa kabla ya rufaa, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa dozi hiyo haitoshi kumponya.

Mtoto mwenye homa asipewe aspirini, kwa sababu hudhoofisha utendaji wa chembe sahani na huweza kumletea madhara mengine makubwa. Aliyepewa dawa mseto aimalize dozi yote hata akijisikia nafuu. Aidha, wananchi wanakumbushwa kulala ndani ya vyandarua vyenye dawa wawapo nyumbani na wawapo safarini.