Wimbledon 2001 – Wanaume, mmoja mmoja

Shindano la wanaume, mmoja mmoja, katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon ya 2001 lilifanyika jijini London, Uingereza, kwenye viwanja vya nyasi, likishirikisha wachezaji 128. Bingwa alikuwa Goran Ivanišević wa Kroatia, aliyemfunga Patrick Rafter wa Australia 6–3, 3–6, 6–3, 2–6, 9–7.

Ivanišević, aliyekwisha kupoteza fainali za 1992, 1994 na 1998, alikuwa wa 125 katika orodha ya ubora duniani na aliingia kwa mwaliko maalumu wa waandaaji. Hakuna mwanaume mwingine aliyealikwa hivyo aliyewahi kutwaa taji hilo.

Bingwa mtetezi, Pete Sampras wa Marekani, alitolewa raundi ya nne na Roger Federer, kijana wa miaka 19 kutoka Uswisi, kwa seti 3–2. Nusu fainali ya Ivanišević na Mwingereza Tim Henman ilikatizwa na mvua ikachukua siku tatu, hivyo fainali ikasogezwa hadi Jumatatu, tarehe 9 Julai. Katika fainali hiyo, akiwa amebakiza pointi moja tu kufikia ubingwa, Ivanišević alikosea kuanzisha mpira mara kwa mara. Alishinda katika nafasi yake ya nne ya kumaliza mechi, Rafter alipoupiga mpira wavuni.