Ramani ya hatari ya moto wa msitu

Ramani ya hatari ya moto wa msitu huonyesha sehemu zinazoweza kuwaka kwa urahisi na ambako moto ungeenea kwa kasi. Hutengenezwa kwa kuunganisha tabaka za data za kijiografia: aina na ukavu wa mimea, mteremko, mvua, upepo, na umbali kutoka barabara, mashamba na makazi. Kila tabaka hupewa uzito wake. Mteremko ni muhimu kwa kuwa moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka. Ili kujua mioto imetokea wapi, vihisi vya MODIS kwenye satelaiti za Terra (iliyorushwa 1999) na Aqua (iliyorushwa 2002) hutambua joto la moto kwa pikseli za kilomita 1, na vihisi vya VIIRS kwenye satelaiti nyingine kwa pikseli za mita 375. Kumbukumbu hizo za mioto iliyopita, kama ule wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020, husaidia kupima usahihi wa ramani.