Usimamizi wa maji katika bonde la Ziwa Naivasha

Usimamizi wa maji katika bonde la Ziwa Naivasha ni utaratibu wa kugawana, kutunza na kulipia maji ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, pamoja na maji ya mito inayoliingia na maji ya ardhini yanayolizunguka. Utaratibu huo unawahusisha wakulima wadogo wa nyanda za juu, makampuni ya maua, wakazi wa mji wa Naivasha na vitongoji vyake, wavuvi, wafugaji, wenye hoteli, wazalishaji wa umeme na serikali.

Bonde hili hutajwa mara nyingi katika masomo ya mazingira kwa sababu wote hao wanategemea ziwa moja dogo, na kwa sababu katika muda wa miaka kumi na michache tu limepatwa na matatizo mawili yanayopingana: maji kupungua mno mwaka 2009, kisha kuongezeka hadi kufunika nyumba za watu mwaka 2020.

## Jiografia na asili ya maji

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa, kaunti ya Nakuru, takriban kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Jina lake limetokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yenye mawimbi, kwa kuwa upepo wa mchana hulichafua ziwa ghafla.

Eneo la ziwa hubadilika sana. Kwa miaka mingi limekuwa kati ya kilomita za mraba 100 na 150, ilhali bonde lote linalolilisha maji lina kilomita za mraba 3,400 hivi. Ziwa lina kina kidogo na fukwe zake nyingi ni tambarare. Kwa hiyo maji yakipanda au kushuka kwa mita moja tu, ukingo wa ziwa unaweza kusogea mamia ya mita.

Kandokando ya ziwa mvua ni chache, takriban milimita 650 kwa mwaka, na jua hukausha maji zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa hesabu rahisi, ziwa lenye kilomita za mraba 140 likipoteza milimita 1,500 kwa mwaka kwa njia ya mvukizo, hupoteza mita za ujazo milioni 210. Pengo hilo huzibwa na mvua inayonyesha mbali na ziwa. Mto Malewa, unaoanza katika milima ya Aberdare (Nyandarua), huleta takriban asilimia 80 ya maji ya mito yote. Mto Gilgil hutoka kaskazini, na Mto Karati hutiririka wakati wa mvua tu.

Ziwa halina mto unaotoka. Hata hivyo maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, tofauti na maziwa jirani ya Nakuru na Elementaita. Sababu ni kwamba sehemu ya maji hupenya ardhini na kuondoka na chumvi yake. Maji hayo yasiyo na chumvi ndiyo yaliyovuta kilimo cha umwagiliaji katika eneo lenye mvua chache.

## Watumiaji wa maji

Katika nyanda za juu za Kinangop na Wanjohi kuna maelfu ya wakulima wadogo wanaolima viazi, kabichi na mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Wao hutumia maji ya mito, lakini athari yao kubwa zaidi inatokana na namna wanavyolima miteremko. Shamba lisilo na matuta hupoteza udongo na mbolea, na vyote hivyo huishia ziwani.

Kando ya ziwa kuna mashamba makubwa ya maua na mboga. Kilimo cha maua kilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukua kwa kasi kuanzia miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya maua yanayouzwa na Kenya nchi za nje, hasa waridi, hutoka katika eneo hili. Kazi za mashambani ziliwavuta watu kutoka pande zote za nchi, na vitongoji kama Karagita vikakua haraka kuliko mabomba ya maji na mifereji ya majitaka.

Kusini mwa ziwa, vituo vya umeme wa jotoardhi vya Olkaria hutumia maji ya ziwa wakati wa kuchimba visima vya mvuke. Upande wa juu, Bwawa la Turasha huchukua maji ya kijito cha Malewa na kuyapeleka Gilgil na Nakuru. Wavuvi, wafugaji wanaonywesha mifugo, viboko na ndege nao hulitegemea ziwa. Kwa ajili ya viumbehai wake, Ziwa Naivasha liliingizwa mwaka 1995 katika orodha ya maeneo oevu ya Mkataba wa Ramsar.

## Kupungua kwa ziwa

Kina cha ziwa kilikuwa kikipanda na kushuka hata kabla ya kilimo cha kisasa. Kilikuwa cha juu mwanzoni mwa karne ya 20 na cha chini sana katika miaka ya 1940. Kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu kujua kama upungufu fulani umeletwa na hali ya hewa au na pampu.

Mwaka 2002 watafiti Robert Becht na David Harper walichapisha hesabu ya maji yanayoingia na kutoka ziwani. Hesabu hiyo ililingana vizuri na vipimo vya kina cha ziwa tangu mwaka 1932 hadi 1982. Baada ya hapo ziwa likaanza kuwa chini kuliko ilivyotarajiwa, na kufikia mwisho wa mwaka 1998 lilikuwa chini kwa mita 3.5 hivi. Mabadiliko hayo yalianza wakati uleule kilimo cha umwagiliaji kilipokuwa kikipanuka.

Hatari hiyo ilionekana wazi wakati wa ukame wa mwaka 2009, ambapo ziwa lilirudi nyuma sana. Mvua kubwa iliponyesha mapema mwaka 2010, samaki wengi walikufa. Wapo waliozilaumu dawa za mashambani, na wapo walioeleza kwamba matope na uchafu ulioletwa na mvua ulipunguza oksijeni majini. Tukio hilo liliwafanya hata wenye mashamba kutambua kwamba ziwa likifa, biashara nayo itakufa.

## Sheria na vyama vya watumiaji

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitenganisha kazi ya kutunza vyanzo vya maji na kazi ya kuwafikishia wananchi maji. Mamlaka mpya ilipewa jukumu la kutoa vibali vya kuchota maji, na sheria ikavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Katika vyama hivyo watumiaji wa mto au ziwa moja hukutana, hutatua migogoro na kuripoti wanaochota bila kibali. Bonde la Naivasha lina vyama 12 vya aina hiyo. Kimojawapo ni cha watumiaji wa ziwa lenyewe, na vingine ni vya mito na vijito. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 iliendeleza mfumo huo chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Kabla ya hapo, wenye ardhi kando ya ziwa walikuwa na chama chao tangu enzi za ukoloni. Chama hicho kilipewa tuzo ya Ramsar ya uhifadhi wa maeneo oevu mwaka 1999. Tofauti kubwa iliyoletwa na sheria mpya ni kwamba mkulima mdogo wa Wanjohi alipata nafasi ya kukaa meza moja na meneja wa shamba la maua. Mwaka 2011 serikali iliunda pia bodi ya Imarisha Naivasha ili kuunganisha kazi za serikali, makampuni na jamii.

### Mpango wa kugawa maji

Baada ya ukame wa 2009, vyama vya watumiaji na mamlaka vilikubaliana juu ya mpango wa kugawa maji kwa kufuata kina cha ziwa. Mpango huo hufanya kazi kama taa za barabarani. Ziwa likiwa katika kiwango cha kijani, kila mwenye kibali huchota kiasi alichoruhusiwa. Likishuka hadi kiwango cha njano, wote hupunguza. Likifika kiwango cha chekundu, uchotaji wa kibiashara hubanwa zaidi, na maji ya mahitaji ya nyumbani hutangulizwa.

Faida ya mpango huu ni kwamba masharti hujulikana kabla ya shida, hivyo hakuna haja ya kuanza kubishana wakati wa kiangazi. Udhaifu wake ni kwamba unategemea mita. Pampu isiyo na mita, au kisima kilichochimbwa bila kibali, hakiwezi kupunguziwa kitu ambacho hakikupimwa.

## Malipo kwa wakulima wa nyanda za juu

Kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, ulianzishwa mpango ambao watumiaji wa maji walio chini huwalipa wakulima walio juu kwa kutunza ardhi. Wakulima wa maeneo ya Wanjohi na Turasha ya juu walikubali kupanda nyasi kwenye kingo za matuta, kuacha ukanda wa mimea kando ya mito, kupanda miti na kupunguza mbolea na dawa. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010.

Mkulima hakupewa fedha taslimu bali vocha ya takriban dola 17 za Marekani kwa mwaka, ya kununulia mbegu na pembejeo madukani. Kiasi hicho ni kidogo, lakini nyasi zilizozuia udongo zilikuwa pia chakula cha ng'ombe, na maziwa yaliyoongezeka yakawa na thamani kuliko vocha yenyewe. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya mamia ya wakulima kujiunga.

## Hatua za makampuni ya maua

Mashamba mengi yaliacha kumwagilia kwa kurusha maji hewani na kutumia umwagiliaji wa matone. Mengine hukinga mvua kutoka paa za vitalu nyumba na kuihifadhi katika mabwawa. Baadhi hupanda waridi katika vyombo vilivyojazwa mawe mepesi ya volkano badala ya udongo, ili maji yaliyobaki yakusanywe, yasafishwe na kutumika tena. Kuna pia mashamba yaliyotengeneza mabwawa ya mafunjo na mimea mingine ya majini kwa ajili ya kuchuja majitaka kabla hayajarudi ziwani.

Msukumo mmoja umetoka kwa wanunuzi wa Ulaya, wanaodai vyeti vya mazingira. Utafiti wa Mekonnen, Hoekstra na Becht uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba waridi moja hutumia lita 7 hadi 13 za maji. Shada la waridi kumi basi hubeba lita 70 hadi 130. Kwa jumla, maua yaliyouzwa nje kutoka bonde hili kati ya 1996 na 2005 yalitumia mita za ujazo milioni 16 kwa mwaka: asilimia 22 ni maji ya mvua, asilimia 45 yalichotwa ziwani, mitoni au ardhini, na asilimia 33 ni maji ambayo yangehitajika ili kupunguza makali ya uchafuzi.

Watafiti hao walihitimisha kwamba kupungua kwa ziwa kulitokana hasa na mashamba ya kibiashara, lakini uchafuzi wa mbolea ulitoka kwa mashamba hayo na kwa wakulima wadogo pia. Walipendekeza nyongeza ndogo ya bei ilipwe na mnunuzi wa mwisho huko Ulaya na fedha zirudishwe kutunza bonde. Waliona kwamba Kenya ikipandisha bei ya maji peke yake, biashara inaweza kuhamia nchi nyingine.

## Kuongezeka kwa maji

Tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, yakiwemo Baringo, Bogoria, Nakuru na Naivasha, yamekuwa yakipanda. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Naivasha yaliingia katika mtaa wa Kihoto na kuwahamisha wakazi wengi. Viboko walisogea karibu na nyumba, na vyoo vya shimo vilijaa maji, hali iliyoleta hofu ya magonjwa.

Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilitaja ongezeko la mvua linaloambatana na mabadiliko ya tabianchi kuwa chanzo kikuu. Ilitaja pia ukataji wa misitu na kilimo kisicho na hifadhi ya udongo, ambavyo huharakisha maji na matope kufika ziwani. Kwa hiyo matuta ya Kinangop, yaliyoanzishwa ili kulinda ziwa dhidi ya matope, yana kazi pia wakati wa mafuriko: maji yanayopenya shambani hayafiki ziwani kwa mkupuo.

## Masuala yasiyotatuliwa

* Mpaka wa ziwa. Maji yaliporudi nyuma, watu walilima na kujenga katika ardhi iliyoachwa wazi. Maji yaliporudi, waliopoteza zaidi walikuwa wakazi wa kipato cha chini.
* Bei ya maji. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka ada ya chini ya shilingi moja ya Kenya kwa kila mita ya ujazo inayochotwa kwa umwagiliaji. Mkazi wa kitongoji anayenunua maji kwa mtungi kutoka mkokoteni wa punda hulipa mara nyingi zaidi ya hapo.
* Ubora wa maji. Visima vingi kuzunguka ziwa vina floridi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa. Majitaka ya mji na mbolea za mashamba huchangia kuenea kwa magugu maji, yaliyoonekana ziwani kwa mara ya kwanza mwaka 1988.
* Mipaka ya utawala. Ziwa liko kaunti ya Nakuru, lakini vyanzo vya Malewa viko kaunti ya Nyandarua. Hatua ya kaunti moja hutegemea ushirikiano wa nyingine.
* Kanuni za pande zote mbili. Mpango wa kijani, njano na nyekundu ulitungwa kwa ajili ya ukame, na hauelezi nani ahame, au nani alipe, ziwa linapojaa kupita kiasi.